Kabula Hakufa

Katoro, Geita
9 Februari 2025

Kwako dada Nyamizi,

Shikamoo. Najua Nyamizi ni jina la kuandikia tu. Mwaka jana niliagiza asali kwako, na juu ya ndoo palikuwa pameandikwa "Coletha, Stendi ya Ushirombo". Basi nimeandika kwenda huko huko, na barua nimempa dada wa ofisi ya basi akufikishie mkononi. Samahani kwa kukuletea karatasi kama watu wa zamani. Simu yangu inapekuliwa.

Naitwa Rhoda. Ni mchapaji katika duka la steshenari hapa Katoro. Pia nimo katika kundi letu la simu, lile la Mapishi ya Kanda ya Ziwa, ambalo tangu niingie sijaona pishi hata moja, ni hadithi zako tu. Ulipokuwa ukitutumia Nyumba ya Ibadakuli kila Jumapili, mimi nilikuwa naisomea chooni. Siku ile Kabula, fundi wa makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, alipomshika Milembe mkono amtoe kibanzi kidoleni, kibanzi kikatoka na yeye akachelewa kuuachia mkono, nilikaa mle chooni mpaka watu wakaja kugonga mlango.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Kuna mtu ameichapa hadithi yako. Ni kitabu kabisa, chenye jalada, na juu ya jalada kuna picha yake amevaa suti na miwani ya jua. Anaitwa Cornel, ndiye mwenye duka hili. Amekiita Malipo ya Milembe. Sura zote ni zako neno kwa neno, isipokuwa mwisho. Kwako wale wawili walijenga Ibadakuli karibu na uwanja wa ndege, wakawa wanagombana kuhusu chumvi huku ndege zikipita juu ya bati lao. Kwake Kabula anatumbukia kwenye duara, shimo la wachimbaji, anafia humo kwa sababu ya dhambi yake. Milembe anaokoka na kuolewa na mwinjilisti.

Kinauzwa stendi zote kuanzia hapa mpaka Kahama. Kanisani wamemsifia kwamba kina fundisho.

Nimeona bora ulijue kutoka kwa mtu anayeipenda kazi yako. Ukitaka kujibu, mpe dada wa basi. Usinipigie.

Wako,
Rhoda


Ushirombo
17 Februari 2025

Rhoda,

Marahaba. Barua imefika. Niliisoma, nikaenda kuendelea kuchuja asali, nikamwaga ndoo nzima chini. Sijawahi kumwaga asali tangu nizaliwe.

Sitaki hela zake. Nakwambia mapema usije ukaniletea habari za wanasheria. Nikienda kushtaki kwamba hadithi ni yangu, swali la kwanza litakuwa kwa nini mwanamke asiye na mume anaandika habari za wanawake wawili kwenye kitanda kimoja. Mama yangu bado yu hai na anaimba kwaya parokiani. Huyo Cornel anaweza kuweka uso wake juu ya jalada kwa sababu amemuua mmoja wao. Mimi niliyewaacha hai siwezi kuweka hata jina langu la ubatizo.

Nataka aumie. Si chumbani kwake, wala si moyoni mwake ambamo sijui kama kuna kitu. Nataka aumie mbele za watu, mchana, akiwa amevaa hiyo suti.

Niandikie maneno yenyewe aliyotumia kumuua Kabula. Usiyapunguze ukali kwa kunionea huruma. Pia nieleze huyu mtu yukoje, anapenda nini, anaogopa nini, anaongeaje. Siwezi kumpiga mtu nisiyemwona.

Coletha


Katoro
2 Machi 2025

Dada Coletha, shikamoo.

Maneno yenyewe ni haya: "Kabula akateleza, na ardhi ikammeza, kwa maana ardhi humeza kila mwenye dhambi." Basi. Hata hakumpa nafasi ya kuita jina la mwenzake. Mimi nililia. Lakini, dada, usikasirike nikikuuliza. Mbona hasira yako ni kubwa namna hii? Mimi ni msomaji, kazi yangu ni kulia. Wewe ndiye uliyewaumba, si unaweza kuumba wengine?

Kuhusu Cornel, ni mtu wa sifa. Anapaka ndevu rangi. Hawezi kumaliza sentensi bila kusema "kimsingi". Kimsingi chai imepoa. Kimsingi mimi ni msanii. Anawaambia wageni kwamba hutunga alfajiri wakati dunia imetulia, na alfajiri hiyo hiyo anakoroma mdomo wazi mpaka kuku wa jirani wanahama uzio. Hasomi. Akipata kitu anatazama kurasa za mwanzo, akiona zinavuta anasema zipelekwe mtamboni. Anaogopa kuchekwa. Na anawaogopa wazee wa kanisa, maana anautaka uzee wa kanisa mwenyewe na uchaguzi uko karibu.

Hutaki hela, nimeelewa. Lakini ana njaa ya kitabu cha pili, watu wanamuulizia kila siku. Ukianza kutuma hadithi mpya kundini, ataiiba tu. Na kwa kuwa hasomi mbele, humo ndani unaweza kuweka chochote unachotaka.

Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa kufikiria mambo kama hayo.

Nikueleze na jambo jingine, kwa kuwa sina wa kumweleza. Unajua kwa nini tunakusoma? Mwanaima, muuza vitenge hapa mtaani, ana mume mzuri tu asiye na makuu. Siku moja aliniambia, "Rhoda, mle ndani hakuna anayemwita mwenzake amletee maji ya kuoga. Wote wawili wanajua maji yako wapi." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake.

Mimi sababu yangu ni nyingine. Katika hadithi nilizozoea, mwanamke anaonwa akiingia, anasifiwa kiuno na macho, imeisha. Kwako Milembe akiingia, Kabula anaona kwamba leo amechoka, kwamba sindano imemchoma kidole kile kile cha jana, kwamba hajala na hatasema. Nilipokuwa shule ya bweni palikuwa na msichana aliyekuwa akiniona hivyo. Nilimkimbia. Niliomba kuhamishwa bweni na sikumpa sababu. Na katika hadithi zako hakuna anayekimbia. Au akikimbia, anarudi sura inayofuata.

Yatosha. Wabeja, dada, kwa kunisoma na mimi.

Rhoda


Ushirombo
6 Aprili 2025

Rhoda,

Utakuwa umeona nimekaa kimya. Nilikuwa naandika.

Na nimekinunua kitabu, hapa stendi, kwa mama anayeuza maji. Nilianza mwanzo kabisa, kwenye ukurasa ambao watu huuruka. Pameandikwa hivi: "Kwa mke wangu kipenzi Rhoda, aliyechapa kila neno la kitabu hiki kwa vidole vyake."

Nilishajiuliza mchapaji wa duka anajuaje kwamba mwajiri wake anakoroma alfajiri.

Kila neno, basi. Kwa hiyo ardhi ilipommeza Kabula, vidole ni vyako. Ukaniletea barua ya kunipa pole kwa msiba ulioupika mwenyewe, ukataja jina la mumeo kana kwamba ni la mtu baki.

Umeniuliza mbona nina hasira. Nitakujibu ili ujue uzito wa ulichokichapa. Usidhani tumekuwa marafiki.

Kabula aliitwa Melania. Alikuwa wa hapa Ushirombo, tulikua parokia moja, tulipata kipaimara siku moja. Alikwenda Segese kutengeneza makarasha. Wachimbaji walimcheka fundi mwanamke mpaka mashine zao zilipozima, wakaacha kucheka. Nikamfuata, nikawa nashona nguo sokoni. Tulikaa chumba kimoja, na watu walijua ni mtu na dada yake. Tulikuwa tunatafuta kiwanja Ibadakuli kwa sababu yeye alipenda ndege. Hakuwahi kuipanda hata moja, alipenda tu ziwe zinapita.

Masika moja aliitwa kutazama pampu kando ya duara la wachimbaji wadogo. Ukingo ukakatika. Walimtoa kesho yake.

Kwenye mazishi nilikaa nyuma na wapishi. Sikuwa na cheo cha kukaa mbele. Mama yake alipewa pole, kaka zake walipewa pole, hata mwenye ile pampu alipewa pole. Mimi niliambiwa niongeze kuni.

Nilikaa miaka sijaandika kitu. Kisha nikaandika Nyumba ya Ibadakuli, nikamtoa. Unaelewa? Nilimtoa mle shimoni kwa mikono yangu, sura kwa sura, nikampa bati na chumvi ya kugombania na mvi. Ninyi wawili mkamrudisha mle mle. Mumeo hakujua. Wewe pia hukujua. Haijanipunguzia kitu.

Mpango wako ni mzuri, nautumia. Jumapili ijayo nitatuma kundini sura mbili za mwanzo, tamu kupita kiasi. Zilizobaki ziko kwenye madaftari utakayoyakuta ndani ya ndoo ya asali iliyokuja na barua hii. Mwandiko wangu ni mbaya, hatajisumbua nao. Mumeo yumo. Na wewe umo, sura ya kumi.

Chapa.

Coletha


Katoro
27 Aprili 2025

Dada Coletha,

Shikamoo, hata kama hutaitika.

Nilijiita mchapaji kwa sababu ningejiita mke wake ungeichana barua kabla ya kuimaliza. Nilitaka umfanye kitu. Mimi mwenyewe nimekaa naye miaka nikitaka kumfanya kitu, na sijawahi kumfanya chochote zaidi ya kuzidisha chumvi. Hilo la kukutumia ni kweli, sitalikana.

Sentensi ile aliisema kwa mdomo akinywa chai. Nilichapa nikafika katikati nikasimama. Akauliza, "Kimsingi umeishia wapi?" Nikasema, "Kwenye ardhi." Akasema, "Endelea." Nikaendelea.

Pole na msiba wa Melania. Najua pole hii imechelewa na inatoka mahali pabaya. Lakini umesema hakuna aliyekupa, basi pokea hii, ndiyo iliyopo.

Cornel amenasa. Aliziona sura mbili kwenye simu yangu akaniuliza zilizobaki ziko wapi. Nikamwambia mwandishi ameniletea madaftari nimsaidie kusahihisha. Alifungua moja akaligeuzageuza kama anatafuta upande wa juu, akasema, "Huu mwandiko wa kuku chapa wewe. Mwisho ufanye kama ule wa kwanza, mmoja afe, mwingine aokoke. Watu wamependa fundisho."

Nikasema sawa.

Nachapa kila siku akienda kwenye mikutano yake ya uchaguzi wa kanisa. Mwisho wako sijaugusa. Hafi mtu.

Nimefika sura ya kumi. Nimeisoma.

Rhoda


Katoro
1 Juni 2025

Dada,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama na ndoo, itue.

Jana ilikuwa siku ya mnada. Cornel alikodi gari la matangazo pamoja na Amosi, yule mtangazaji wa mnadani ambaye sauti yake inauza dawa ya meno mpaka kwa vibogoyo. Suti ni ile ile ya kwenye jalada. Aliweka meza yenye kitambaa cheupe, na mbele ya meza viti kwa ajili ya wazee wa kanisa, maana alitaka wamwone anavyopendwa. Wakaja, wakakaa. Mimi nilikuwa nyuma ya meza napanga vitabu.

Amosi akasoma mwanzo. Watu wakasogea, hata wale wa upande wa ng'ombe. Cornel akaona umati, furaha ikampanda, akasema, "Amosi, wape na ya katikati waonje!" Amosi akafungua pale kitabu kilipojifungua chenyewe, akasoma:

"Katika mji huo aliishi muuza vitabu aitwaye Kornelio, aliyepaka ndevu zake rangi na kuiba hadithi kwenye simu ya mke wake. Aliwaambia watu: Kimsingi, mimi hutunga alfajiri. Na kila alfajiri alikoroma mpaka kuku wa jirani wakahama."

Kisha mama mmoja muuza dagaa akasema polepole, kama mtu aliyeonja kitu akakijua, "Ki-msi-ngi!" Basi, dada. Mnada mzima ukaitika, "Kimsingi!"

Cornel aliruka kunyang'anya kipaza sauti. Amosi akadhani ndiyo mchezo wenyewe, akapanda juu ya gari na kuzidisha sauti. Akasoma jinsi Kornelio alivyomuua Kabula harakaharaka kwa kuwa hakuwa na maneno ya kumwacha hai. Akasoma kwamba Kabula hakufa, waliosema amekufa walidanganywa na mwizi. Yuko Ibadakuli, kiuno kinamuuma siku za mvua, Milembe anamkanda kwa mafuta ya moto, wanapendana na wamezeeka. Neno "wanapendana" lilipotoka kwenye zile spika likazunguka mnadani, nilimwona Mwanaima kwenye banda lake amejiziba uso kwa kitenge cha kuuza.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Cornel, haya ni maneno yako?"

Natamani ungeuona ule mdomo. Akisema ni yake, amewasifia wanawake wawili mbele ya baraza. Akisema si yake, ndiye Kornelio. Alitazama picha yake juu ya kitabu, akamtazama mzee, akaanza, "Kimsingi..." Watu walianguka. Nasema kweli, kuna baba alikalia kapu la nyanya.

Vitabu viliisha vyote mezani. Hata wazee walichukua kimoja, eti cha ushahidi.

Hajarudi nyumbani. Sijui atarudi na nini.

Rhoda


Ushirombo
8 Juni 2025

Rhoda,

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika kwenye mikunjo. Nilimsomea mama ile sehemu ya muuza dagaa, nikimwambia ni habari za mwizi fulani wa huko Geita. Alicheka mpaka akavua miwani. Sijapata furaha ya namna hii tangu Segese. Najua ni furaha mbaya. Ni yangu, nitaila yote na sahani nitailamba.

Je, amelia? Niandikie akilia.

Hujasema neno kuhusu sura ya kumi. Kitabu hakijafika huku. Kama uliitoa, usinifiche, maana kuficha unakujua.

Coletha


Tinde, Shinyanga
6 Julai 2025

Dada Coletha,

Shikamoo. Umeona anwani. Niko kwa dada yangu Elieth, ana mgahawa hapa njia panda, nasonga ugali wa madereva wa malori. Bega linaniuma lakini nalala vizuri.

Cornel alirudi akiwa mpole, na upole ule ndio ulionitisha. Hakufoka, hakugusa kitu. Alikunywa chai yake. Kisha tukaitwa wote wawili mbele ya baraza la wazee. Wanawake wa kwaya walikuwa wamejazana madirishani, na Amosi pia, sijui nani alimwalika.

Cornel akasimama. Akasema, "Wazee wangu, sikuandika mimi. Cha kwanza sikuandika, cha pili sikuandika. Hata sentensi moja sijaandika. Aliandika mke wangu. Nilimwonea huruma nikamwazima jina."

Mwenyekiti akanigeukia. "Rhoda, ni kweli?"

Cornel hakunitazama hata. Alijua nitainamisha kichwa, na nikiinamisha itakuwa ni ndiyo bila mimi kuwa nimesema kitu. Ningeweza kusema hapana. Lakini swali lililofuata lingekuwa, basi nani? Nikafikiria Stendi ya Ushirombo, na mama yako na kwaya yake. Nikainua kichwa nikasema, "Ndiyo. Niliandika mimi."

"Mambo ya wanawake hao umeyatoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Na unaona ni sawa waishi hivyo?"

Nikasema, "Wana nyumba yao, wanapika, wanalala. Hawajamuua mtu. Aliyeua ni huyo aliyeutaka ule mwisho wa kitabu cha kwanza."

Wamenitenga na ushirika. Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshakunja nguo zangu kwenye mfuko wa salfeti, amezikunja vizuri kabisa, kwa hilo ninamshukuru. Uzee wa kanisa Cornel ameukosa. Katoro hana jina tena, watoto wa shule wanamwita Kimsingi akipita. Uliuliza kama amelia. Alilia, pale alipofika kwenye "hata sentensi moja". Ukiacha ile ya ardhi, nadhani ndiyo sentensi pekee aliyoitunga mwenyewe, na ilikuwa karibu ya kweli.

Juzi amempigia Elieth. Anasema amenisamehe, nirudi, wateja wanauliza kitabu cha tatu. Elieth aliniletea simu jikoni. Nikamwambia mkono una unga.

Sasa na mimi nimesimama mbele za watu nikajiita mwenye kazi yako. Sikuwa na njia nyingine, lakini najua inavyofanana. Ulikuwa na kisasi na mimi pia, na sijui kama haya yanatosha, maana hukuyapanga wewe. Kitabu kimo ndani ya bahasha. Sura ya kumi isome mwenyewe.

Rhoda


Ushirombo
14 Julai 2025

Rhoda,

Nimeisoma.

Nilikuwa nimekuandika hivi: "Roza alichapa huku analia, na machozi yalipodondoka kwenye vitufe aliyafuta kwa pindo la khanga akaendelea kuchapa. Angechapa hata hukumu ya mama yake mzazi, mradi mumewe ameiomba kwa upole. Aliwatazama wanawake waliopendana kama mwenye njaa anavyotazama watu wakila dirishani, na siku alipofunguliwa mlango akaombwa aingie, aliomba kuhamishwa bweni."

Niliona raha nilipokuwa naandika hayo. La bweni ulinipa wewe mwenyewe kwa kuniamini, nikalichukua kama kisu. Nilijua utalifikia ukiwa peke yako dukani, na kulifuta ni kazi ya kidole kimoja. Nilitaka ulifute. Ungelifuta ningekuwa na haki ya kukuchukia mpaka nizikwe, na ningeitumia haki hiyo vizuri, mimi najijua.

Hukufuta. Hata nilipokosea herufi umeacha kosa langu.

Na chini kabisa, baada ya neno langu la mwisho, kuna sentensi ambayo si yangu. "Roza aliuchapa na ukurasa huu."

Nimejaribu kuikasirikia. Nilijiambia, huyu naye ameingiza mkono kwenye kitabu changu bila ruhusa, kwa mara ya pili, halafu amekwenda kuwaambia wazee ni chake. Nilizunguka uani nikijiambia hivyo mpaka mama akauliza ninagombana na nani. Lakini ndiyo sentensi nzuri kuliko zote katika sura ile, na hilo nalo limeniudhi.

Kuhusu Cornel, nilidhani nikisikia amelia nitashiba. Nilishiba kweli, mchana mmoja mzima. Jioni nikakumbuka kwamba Melania bado yuko pale alipo, na kwamba mtu pekee aliyenipa pole katika miaka yote hii ni mke wa mwizi. Nimeichukua pole yako. Sikukwambia wakati ule, nakwambia sasa.

Sitaandika kwamba nimekusamehe. Ninayo asali ya kupeleka Shinyanga, na basi linapita Tinde. Nitashuka hapo Alhamisi. Dada yako mwambie ni mtu wa asali, wala hutakuwa umemdanganya. Usinipikie kitu maalumu, nitakula ugali wa madereva.

Sijamaliza kukasirika, Rhoda. Nakuja nimalizie huko huko.

Coletha